Jembe la Kwanza

Mkono wangu wa kulia haunyooki. Ukinikuta nikitoka mtoni utadhani nimebeba mtoto ubavuni, kumbe ni kiwiko tu kilichokataa kurudi mahali pake. Aliyekivunja ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Nalisema mapema kwa sababu hospitalini waliandika ati nilianguka. Sikuanguka. Alinipiga kwa mti wa mlango wa zizi, jua bado liko juu, na watu wanapita barabarani wakitoka sokoni Kasikeu na viondo vyao mgongoni. Walipita.

Majina siyaandiki. Binti yangu mkubwa, ambaye ndiye ananipigia chapa maneno haya, amekataa kabisa. "Mama, utaturudisha kortini." Haya basi. Lakini vyeo nitaandika. Kuna shemeji, huyo nimeshamtaja. Kuna naibu chifu wa wakati ule, niliyempelekea mkono umefungwa kwa leso akaniambia, "Nendeni mkaelewane kama familia," na Jumapili hiyo akala kuku kwa shemeji. Na kuna mzee wa kanisa, mwenye suti ya kijivu, aliyeniambia mambo ya boma hayaletwi madhabahuni. Wote watatu bado wako hai, na wote watatu bado wanasalimia watu kwa sauti kubwa sokoni kama waliokopesha kila mtu kitu.

Sikukaa chini kuandika ili nilie. Nilianza kuandika kwa sababu ya semina. Wasichana wazuri walikuja kutoka Nairobi, wakatuita akina mama katika hoteli moja mjini Wote, wakatupa fulana na soda. Mmoja wao akauliza, "Hapa kwenu, akina mama walianza kupigania haki zao lini?"

Jirani yangu akaninong'oneza kwa Kikamba, "Mwambie tulianza leo, soda ilipofunguliwa."

Nilicheka mpaka ile soda ikanitoka puani. Yule msichana akadhani tunamdharau, na nilimhurumia, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri. Ila jibu lake huwezi kulitoa ukiwa umekalia kiti cha plastiki huku unangoja chakula cha mchana. Jibu lake linaanzia kwa nyanya yangu.

Wakati wa mkoloni, nyanya alisema, chifu alikuwa anapiga filimbi asubuhi na wanawake wanatoka kwenda kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usisombwe na mvua. Utake usitake. Askari amesimama juu ya mlima na kiboko. Walichimba wakimlaani kwa Kikamba, na yeye akidhani wanaimba. Mkoloni alipoondoka, wanaume walifurahi, wakasema hiyo kazi ya filimbi imekwisha. Lakini wanawake walikuwa wameona kitu. Mahali palipokuwa na mtaro, mvua ya Novemba ikija, udongo ulibaki na mahindi yakasimama. Basi wakachukua majembe yao tena, safari hii bila filimbi, wakachimba kwa njia yetu ya zamani ya mwethya.

Kwa asiye Mkamba, mwethya ni kundi la kulimiana. Leo tuko kwangu, wiki ijayo tuko kwako. Hakuna kulipana. Mwenye zamu anapika isyo, yaani mahindi na maharagwe, na chai ya kutosha, na sisi tunachimba. Mtaro wetu ni ule wa fanya juu: udongo unautupa upande wa juu wa mtelemko, sio chini, ndio ufanye ukuta. Jaribu siku moja kutupa udongo kwenda juu toka asubuhi ndio utajua mgongo una mifupa mingapi. Kila mama anapimiwa kipande chake kwa mti, na hakuna kuondoka kabla hujamaliza chako.

Mama yangu alikuwa katika mwethya ya upande wa Matiliku. Kulikuwa na bwana mmoja huko aliyeuza mbuzi wa mke wake, mbuzi ambaye mke alimleta mwenyewe kutoka kwa wazazi wake, pesa zote akazinywea pombe, na mke alipouliza akapigwa. Akina mama hawakwenda kwa chifu. Wangemwambia nini, na chifu mwenyewe alikuwa anakunywa na huyo bwana? Walingoja zamu ya yule mke. Shamba lao lilikuwa linapakana na barabara ya sokoni. Wakaenda, wakachimba vizuri kabisa, na asubuhi yote waliimba habari za mbuzi: rangi yake, kengele yake, na jina kamili la aliyemnywa, pamoja na jina la baba yake. Watu wa sokoni walisimama kusikiliza. Kabla ya mavuno yule bwana alikuwa amenunua mbuzi mwingine, na alimpa mke wake mbele ya watu.

Hapo ndipo tulipoanzia. Fulana hazikuwepo.

Mimi shule niliachia darasa la tano, nikaolewa Kasikeu. Mume wangu alikuwa fundi wa mawe, mtu wa maneno machache. Baba yake, kabla hajafa, alituonyesha sehemu yetu ya shamba mbele ya wazee: kutoka kwa mti wa mukau mpaka kwa kijito cha mchanga. Hati ilibaki kwa jina la mzee, kama mashamba mengi ya huku. Palikuwa mtelemko mtupu, mawe na miiba. Mwethya yetu ndiyo iliyopageuza shamba. Kila mtaro uliopo pale ulichimbwa na wanawake ninaowajua kwa sauti zao.

Mungu alinipa wasichana wawili. Mume wangu alipokufa, shemeji alingoja matanga yaishe, akaja akiwa amevaa koti la marehemu. Koti la mume wangu, ananisimamia nalo mlangoni.

"Huna kijana," akasema. "Hawa wataolewa. Shamba la baba yangu haliwezi kwenda kwa wakwe."

Nikamwambia hao wasichana ni wa ndugu yake. Akasema wasichana ni wageni. Kesho yake alipanda juu ya nyumba yangu na vijana wawili wa kibarua, wakang'oa mabati yote. Nilipomshika suruali ndio akachukua ule mti wa zizi.

Nilikimbilia Kibwezi kwa dada yangu. Huko kuna mashamba ya kumwagilia maji, na mimi nikawa mtu wa kuchuma bamia za watu, kwa mkono mmoja. Bamia zinawasha ngozi, wewe uliyezikuta sahanini tu hujui. Wasichana wangu walichuma pamoja nami wakati wa likizo. Mkubwa alikuwa ameshaanza kusema maneno kama, "Mama, tuachane na hilo shamba, tutapanga nyumba mjini." Lakini mimi kila mawingu yakikusanyika nilikuwa nauliza dada yangu kama kwetu kumenyesha, na kama mitaro imeshika.

Sasa, kiongozi wa mwethya yetu alikuwa mama mzee kuliko sisi wote, na sisi wote tulimwita Mwaitu, yaani mama. Siku moja akanipigia simu. Yeye kwenye simu hupiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"Wewe! Bado unachuma bamia za watu?"

"Nachuma, mwaitu."

"Na mkono?"

"Unauma kukiwa na baridi."

"Kibwezi kuna baridi gani? Usinidanganye. Sikiza. Shemeji yako ameita mwethya shambani kwako."

Nilikaa chini palepale kwenye bamia.

Nieleze vizuri. Mke wa shemeji alikuwa mwanachama wa mwethya yetu, na zamu yake ilikuwa imefika. Shemeji alikuwa ameanza kusikia kwamba siku hizi korti zinasikiliza wajane, hata wenye wasichana, na akaingiwa na wasiwasi. Akapanga hivi: mke wake apeleke zamu yake kwenye shamba langu, mwethya nzima ichimbe pale, na naibu chifu na mzee wa kanisa waalikwe waone kwa macho yao. Baadaye akiulizwa shamba ni la nani, atasema, hata akina mama wote wa kijiji wanajua, si walinilimia mchana kweupe?

Ilikuwa akili nzuri, isipokuwa hakujua mwethya ni kitu gani. Amekula isyo ya mwethya maisha yake yote na hajawahi kusimama shambani asubuhi asikie kinachosemwa kabla ya jembe la kwanza.

Zamani mwenzetu mmoja alitupeleka kuchimba, tukachimba, kumbe ni upande wa jirani, mpaka wenyewe ulikuwa na ugomvi. Tulipelekwa kwa chifu na majembe yetu kama wezi wa kuku. Tangu siku hiyo mwethya yetu iliweka sheria. Mwenye zamu anapanda mpaka juu ya shamba, anainua jembe, anasema, "Hapa ni kwangu." Sisi tunajibu, "Tukulimie." Halafu yeye anapiga jembe la kwanza. Bila hilo hakuna mtu wa kuinama.

"Njoo na wasichana," Mwaitu akaniambia.

"Nikija atanimaliza."

"Akumalize mbele ya mwethya nzima? Mwambie aanze na mimi, mimi ndio nimezeeka."

Tulifika asubuhi, tukasimama chini kabisa, nyuma ya mkonge ulio kando ya barabara. Nilikuwa sijaliona shamba langu tangu mkono uvunjike. Nyumba ilikuwa kuta tu, na ndani majani yameota. Lakini mitaro ilikuwa palepale, imepinda na mlima, mmoja juu ya mwingine.

Shemeji alikuwa ameweka viti viwili vya wageni juu, karibu na mukau. Mzee wa kanisa akaomba maombi marefu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu yetu huyu na shamba lake. Tulisikia mpaka chini. Amina ya wanaume ilikuwa kubwa. Ya akina mama haikusikika.

Kisha mke wa shemeji akapanda. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomwacha. Akainua jembe akasema, "Hapa ni kwangu."

Ile "Tukulimie" haikuja.

Akasema tena. Akina mama walisimama tu, majembe begani, wanamwangalia kama watu wanaongoja gari.

"Kwani ni nini tena?" shemeji akauliza. "Chai imepungua?"

"Chai ni tamu, shemeji," mama mmoja akajibu. "Tunangoja mwenye shamba."

"Mwenye shamba si huyo mbele yenu!"

"Huyo tunamjua. Kwake ni kule chini karibu na tangi, tulimlimia mvua iliyopita. Kwani alihama?"

Wakacheka, kile kicheko cha akina mama wengi ambacho mwanaume mmoja hawezi kukizima. Mwaitu yeye hakucheka. Alimsogelea yule mke wa shemeji, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, sema mara ya tatu. Lakini useme ukiniangalia mimi."

Mke wa shemeji akateremsha jembe.

Hapo Mwaitu akageuka upande wa barabara, akaita na ile sauti yake ya ng'ambo ya mto: "Mwenye shamba! Panda juu, tunachomeka na jua!"

Nasema ukweli, nilikuwa nimeshika mkonge na miiba yake inaniingia vidoleni, na sikusikia uchungu. Binti mdogo ndiye aliyenisukuma mgongoni. Tukapanda, mtaro baada ya mtaro, na akina mama wakatupisha katikati. Nilipompita shemeji akasema huku amebana meno, "Wewe, nitakuvunja na huo mwingine."

Binti yangu mdogo alikuwa na simu mkononi. Akamwambia kwa heshima kabisa, "Rudia kidogo, baba mkubwa, haikushika vizuri."

Simu nyingine nazo zikainuka. Shemeji akafunga mdomo. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza.

Nikachukua jembe. Mkono wa kulia hauwezi kupita kifua, basi nilishika kwa kushoto, na wa kulia ukawa wa kusaidia tu. "Hapa ni kwangu," nikasema.

"Tukulimie!"

Sijui kama umewahi kujibiwa na mlima. Nikapiga. Jembe lilikwaruza tu juu ya udongo, kuku angechimba zaidi. Hakuna aliyecheka. Wote waliinama pamoja, na vumbi likapanda.

Naibu chifu akaanza kuinuka kwenye kiti chake pole pole, kama mtu anayetafuta choo. Mwaitu akamwahi.

"Mheshimiwa, si uliitwa kushuhudia? Umeona nini?"

"Nimeona... akina mama wanalima."

"Wanamlimia nani?"

Akarekebisha kofia. "Mama huyu."

"Sema kwa sauti, wengine wako mbali wanachimba."

Akasema kwa sauti. Mzee wa kanisa alikuwa amekumbuka ana mkutano, na suti yake ya kijivu tuliiona ikiteremka mbio upande wa kijito, ambako hakuna njia.

Mke wa shemeji alibaki amesimama pale juu peke yake. Baadaye akaenda kwa Mwaitu akauliza, "Kipande changu ni kipi?" Mwaitu akampimia cha mwisho, chenye mawe. Akakichimba mpaka akakimaliza. Halafu tukala isyo aliyoipika yeye kwa mahindi ya mume wake, na ilikuwa imeiva vizuri sana.

Tulijua akirudi nyumbani itakuwaje. Kwa hiyo akina mama kadhaa walimsindikiza mpaka mlangoni, wakaomba maji ya kunywa, wakakaa kwenye kivuli cha nyumba wakinywa pole pole huku shemeji anazungukazunguka. Kesho yake wengine wakapita, na wao walikuwa na kiu. Na keshokutwa. Hakuna boma Kasikeu lililowahi kupata wageni wenye kiu namna hiyo. Hakumgusa.

Mimi na huyo mke wa shemeji, sijui. Ile siku ya zizi alikuwa mlangoni pake na hakupiga kelele. Hilo sijalisahau. Lakini kile kipande chenye mawe nakiona kila asubuhi, na ukuta wake haujawahi kubomoka.

Kesi ya shamba niliipeleka kortini, ikachukua muda mrefu, ikaahirishwa na kuahirishwa. Naibu chifu aliitwa aseme alichokiona, na kwa sababu alishakisema mbele ya mwethya nzima na simu zao, akakisema tena. Sehemu yangu ilikatwa, kutoka mukau mpaka kijitoni, na hati ina jina langu. Kesi ya mkono haikufika popote. Shemeji hajalala ndani hata siku moja. Na mabati yangu yako juu ya nyumba ya mbuzi wake, yenye rangi ya buluu niliyoipaka mwenyewe. Nikienda sokoni nayaona, na huwa nayaangalia mpaka nimalize. Nyumba yangu sasa ina mabati mengine. Wanaosema nisamehe, waanze kwa kunirudishia yale ya buluu.

Mwaka huu kabla ya mvua zamu yangu ilifika. Nikamwambia Mwaitu zamu hii naipa binti yangu mkubwa, yule aliyetaka tupange nyumba mjini. Sasa anafanya kazi mjini Wote, kwenye ofisi, na alikuja amevaa viatu vya mpira vipya. Mwaitu hawezi tena kuinama. Anakaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, na mti wa kupimia ameulaza magotini.

Shemeji alikuwa anapita barabarani na ng'ombe wake. Alipoona watu akasimama. Nilimwona, na binti yangu alimwona.

Akapanda mpaka kwenye mukau. Mimi nilikuwa chini kwenye mstari pamoja na wengine, kwa sababu siku hiyo sikuwa mwenye shamba. Akainua jembe juu kabisa, mikono yote miwili imenyooka, akasema, "Hapa ni kwangu."

"Tukulimie!" tukajibu, na nilijisikia nikipiga kelele kuliko wote.

Jembe lake likapiga jiwe, cheche zikatoka. "Pole pole, mtu wa kompyuta!" mama mmoja akamwambia, na mlima wote ukacheka. Nilipogeuka kuangalia barabarani, shemeji alikuwa bado amesimama na ng'ombe wamemwacha, wameingia kwenye mkonge.

Mwaitu akagonga mtungi kwa mti. "Hiyo mikono imekuja kuchimba au kupiga makofi? Kila mtu kwa kipande chake. Na wewe, mama wa mwenye shamba, chako ni hiki hapa. Na usiniletee hadithi za kiwiko."

Nikachukua jembe kwa kushoto nikaanza kutupa udongo juu.